Majina Kwanza, Jiwe Baadaye

Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, juu ya pendekezo la kuweka jiwe la ukumbusho wa askari na wapagazi wa Kisii na Nyamira



Halmashauri ilituagiza tulitazame pendekezo la kuweka jiwe kando ya makaburi ya mji wa Kisii, kwa ajili ya watu wetu waliokwenda katika vita vikuu viwili vya dunia, kisha tuwaletee shauri. Tumelitazama, na shauri letu ni hili: jiwe ni jambo jema, lakini jiwe lisilo na majina halitatufaa, na majina hayo hatujayakusanya bado. Basi na tuanze na majina.

Yafaa kwanza tukumbushane mambo yenyewe, maana vijana wengi waliomo humu hawakuyasikia. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwezi wa Agosti 1914, haikukawia kufika kwetu. Mwezi uliofuata jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka kutoka koloni lao la kusini, likaingia mji wa Kisii. Askari wa Keya waliletwa kwa meli hadi Kendu, wakatoka huko kwa miguu, na tarehe 12 Septemba wakapigana nao hapa hapa. Kapteni Thorne aliyewaongoza aliuawa siku hiyo. Pande zote mbili ziliondoka, mji ukabaki bila mlinzi, na watu wakaingia madukani na katika vituo vya misheni wakachukua mali. Serikali iliporudi ilitoza adhabu, na ng'ombe wengi wakatwaliwa.

Hata hivyo risasi za siku ile si kitu mbele ya yaliyofuata. Vita vya Afrika ya Mashariki vilipiganwa katika nchi isiyo na barabara za kutosha, na mbung'o waliwaua farasi na punda waliobeba mizigo. Kwa hiyo unga, risasi, mahema na hata vipande vya mizinga vilibebwa vichwani mwa watu. Mwaka 1917 Serikali iliamuru wapagazi wakusanywe kwa wingi, na kazi hiyo ikasimamiwa na John Ainsworth, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkuu wa jimbo letu la Nyanza. Machifu walidaiwa idadi ya watu, nao wakatuma watu wao vijijini. Wengine walikwenda kwa hiari, lakini wengi hawakuulizwa.

Wanahistoria wakadiria kwamba wapagazi wapatao 95,000 walikufa upande wa Waingereza, na wengine wasema hata zaidi. Wengi wao hawakuuawa na adui. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, na unga uliopikwa bila kuiva, mbali na wake na mama zao. Hadi leo mtaa wa Kariokor mjini Nairobi na mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam huitwa kwa jina la kikosi chao. Mitaa imelihifadhi jina la kikosi, wala haikuhifadhi jina la mtu hata mmoja.

Katika vita vya pili, vya 1939 hadi 1945, vijana wa nchi hii walipelekwa mbali zaidi. Askari wa Afrika ya Mashariki walipigana Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma mwaka 1944. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na Wajapani katika Bahari ya Hindi. Watu karibu 1,300 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Hao hawana hata udongo juu yao.

Huenda mtu akauliza: je, hawakukumbukwa? Walikumbukwa kwa jumla. Mwaka 1928 sanamu tatu za shaba zilizinduliwa Nairobi, katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Maandishi yake ni kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yawasifu wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na kumwahidi apiganiaye nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini jina lenyewe halikuandikwa. Mwenye kusoma aahidiwa ukumbusho wa jina, kisha alitafuta jina juu ya jiwe asilione.

Jambo hili halikutokea kwa kusahau tu. Wakati kila askari wa Kizungu aliyekufa alipewa kaburi lenye jina, au jina lake likaandikwa ukutani, maofisa wa zamani waliamua kwamba kwa Waafrika wengi sanamu ya pamoja yatosha. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kukiri waziwazi. Taarifa ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi, na Serikali ya Uingereza ikaomba radhi Bungeni. Mwezi wa Januari 2025 ukumbusho ulifunguliwa mjini Cape Town kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa jeshi waliokufa katika vita vya kwanza. Una nguzo za mti mgumu, na majina 1,772, kila mtu na nguzo yake. Basi kumbe yawezekana.

Ndugu wanachama, jina si pambo. Baada ya vita vya kwanza mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao, na sababu iliyotolewa ni kwamba warithi hawakuweza kujulikana. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa hata mtu alipotea bila habari, kisha mali yake ikamfuata.

Kwetu Gusii jambo hili lina uzito wa pekee. Desturi yetu humpa mtoto jina la jamaa aliyekufa, ili jina lisizimike nyumbani. Kwa hiyo huenda mpagazi aliyekufa mwaka 1917 jina lake laitwa kila siku huko Nyaribari, au Kitutu, au Bobasi, au Bonchari, au Machoge, au Mugirango. Huenda yuko kijana aitwaye kwa jina hilo, naye hajui ni la nani wala lilitoka wapi. Jina li hai. Kilichokufa ni habari yake. Habari hiyo sasa iko kwa wazee wachache waliosikia kwa baba zao, na wazee hao hawatangoji mkandarasi wa jiwe.

Tumesikia pingamizi tatu, nazo zastahili kujibiwa kwa heshima.

Pingamizi la kwanza ni kwamba watu hawa walimtumikia mkoloni, yule yule aliyetuletea majeshi mwaka 1905, na tena mwaka 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki Bwana Northcote. Wazee wasemao hivyo wana haki, na jiwe letu lisiwe la kuishukuru dola ya Mwingereza. Lakini ndugu aliyetwaliwa kwa nguvu akafa njiani na mzigo kichwani, tukimkataa sisi pia, tutakuwa tumemwadhibu kwa kosa la mwenye kumtwaa. Maneno ya jiwe na yawe machache: huyu alitoka kwetu, akaenda, hakurudi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mgusii huzikwa nyumbani kwake, katika ardhi ya baba yake. Makaburi ya mji, wasema wazee, ni ya wageni na ya wasio na kwao. Vipi tuwaweke watoto wetu huko? Tumelifikiri sana neno hili. Jibu letu ni kwamba hatuwaziki, maana miili yao hatuna. Wao wamelala katika makaburi ya watu wengine, kandokando ya njia za Tanzania, katika misitu ya Burma, na chini ya bahari. Huko wao ndio wageni. Mgeni aliyelala katika makaburi ya mji wetu naye ni mwana wa mtu kwao. Yafaa basi majina ya waliozikwa ugenini yasimame karibu na wageni waliozikwa kwetu. Hata hivyo, mkutano ukipenda mahali pengine, sisi hatutagombana juu ya mahali.

Pingamizi la tatu ni la fedha. Wanachama wasema karo za watoto zije kabla ya mawe. Twakubali. Ndiyo sababu hatuombi fedha za jiwe mwaka huu. Twaomba madaftari, kalamu, na nauli ya watu wachache. Tena tusiharakishe jiwe lenyewe. Jiwe la Tabaka ni fahari yetu, lakini ni laini, na laini huchakaa kwa mvua na mikono ya watoto. Maandishi yataka jiwe gumu zaidi, nalo lina gharama yake. Daftari laweza kuanza kesho.

Shauri letu juu ya kazi ni hili. Kila lokesheni, katika Kisii na katika Nyamira pia, ichague watu wawili: mmoja ajuaye kuandika vizuri, na mwingine ajuaye nasaba. Kuigawa wilaya hakukugawa wafu. Waandike jina la mtu, jina la baba yake, ukoo wake, kijiji alikotoka, vita alivyokwenda, kama alikuwa askari au mpagazi, na kama alirudi. Waulize kama nyumbani kuna cheti cha kuachishwa jeshi au medali. Medali za vita vya kwanza aghalabu zilichongwa nambari na jina ukingoni. Pasipo karatasi, wazee wawili washuhudie, na mwandishi aandike kwamba ni ushuhuda wa mdomo. Jina lenye shaka lisifutwe, bali liwekwe alama.

Wawaulize na akina mama. Mara nyingi bibi ndiye aliyejua nani aliondoka, maana yeye ndiye aliyebaki na shamba.

Jambo la mwisho: zamani hizo sisi tulikuwa katika wilaya iliyoitwa Kavirondo Kusini, pamoja na Wajaluo na Wakuria. Aliyeandikwa kwa jina la wilaya aweza kuwa wetu au wao. Kwa hiyo twashauri tuwaandikie barua majirani, tulinganishe orodha, tusinyang'anyane wafu.

Waliosoma Biblia wajua kwamba Kitabu cha Hesabu chawataja watu kwa kabila na jamaa zao. Hiyo si kazi ya kuchosha tu ya makarani. Ndiyo njia ya kusema kwamba mtu huyu alihesabiwa.

Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano upitishe mambo mawili: kwamba daftari lifunguliwe mwaka huu, na kwamba orodha ya kwanza, hata ikiwa na majina kumi tu, ichapishwe katika taarifa ya mwaka ujao ili wenye kujua wasahihishe. Juu ya jiwe tutazungumza tukiwa na cha kuandika juu yake.