Lori Lipewe Nguvu, na Breki Pia

Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi na vijana wa Bashay, Mbulu



Tumekuja na jambo moja. Twataka vijana wanaosoma ufundi wapewe lori kuukuu, waishushe injini yake, waijenge upya na kuiongezea nguvu. Wako wazazi wanaosema, "Wataliharibu." Twawajibu: litafutwe lile lililokwisha kulala chini ya mti. Lililokufa halina la kuogopa.

Shida yenyewe twaijua sote. Vitunguu saumu vyetu havileti fedha vikikaa ghalani. Sharti vipakiwe, vipande milima na kushuka Magara hadi sokoni. Lori linalokoroma mlimani hula dizeli nyingi, na gharama hiyo humrudia mkulima.

Kwa nini lori huishiwa nguvu? Kwanza ni uchakavu. Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikawa ya moto sana, dizeli ikanyunyizwa, ikawaka. Ringi zikilika hewa huvuja, na nguvu huvuja nayo. Pili ni uchafu: chujio la hewa lililoziba na nozeli zinazodondosha badala ya kunyunyiza. Tatu ni mahali petu. Kwenye mita 1,700 juu ya bahari hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu 1 katika 6, na moto hutaka hewa.

Basi kazi ifuate utaratibu. Kabla ya kufungua hata nati moja, vijana wapime mbano wa kila silinda na kuuandika. Ikiwa lori bado laweza kutembea, wapime pia dakika linazotumia kupanda kilima kimoja likiwa na mzigo uliopimwa. Kisha wachonge silinda, waweke pistoni na ringi za kipimo kipya, wasawazishe hedi, na pampu irekebishwe kwa mashine. Mwisho wapime tena, kilima kile kile, mzigo ule ule. Asiyepima hana haki ya kujisifu.

Wengi hukimbilia kuongeza dizeli kwenye pampu. Dizeli bila hewa huwa moshi mweusi na joto la kuunguza pistoni. Dawa ya hewa nyepesi ni turbo, ambayo hutumia moshi unaotoka kuzungusha gurudumu linalosukuma hewa ndani. Alfred Büchi wa Uswisi aliandikisha wazo hilo mwaka 1905. Lakini injini ambayo haikuundwa kwa turbo huweza kupasua gasketi au pistoni, kwa hiyo fundi mzoefu aamue.

Wala tusisahau: lori linalopanda na mzigo mkubwa litashuka nao. Nguvu ikiongezwa, breki, giaboksi na rejeta vikaguliwe siku hiyo hiyo. Uzito ulioandikwa kwa lori hilo usizidishwe hata kidogo. Twataka vijana wetu warudi nyumbani.

Wako watakaosema kazi hii si ya wanafunzi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilishiriki kuunda gari la Nyayo, likaonyeshwa mwaka 1990. Wanafunzi na walimu wa Makerere waliunda gari la umeme la Kiira, likaendeshwa mwaka 2011. Hapa kwetu kituo cha Nyumbu, Kibaha, kilijengwa kwa ajili ya ufundi wa magari. Hao wote walianza na spana mkononi.

Kwa hiyo twaomba vitu vitatu: lori moja, banda lisilovuja, na fundi mmoja mwenye subira. Wasichana nao waingie bandani, maana nati haimwulizi mtu jinsia yake.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vijana wetu wako tayari kuinama chini ya lori. Tusiwanyime lori lenyewe.