Neno la Wanachama Siku ya Miaka Kumi


Mwalimu wetu kijana alipoomba mfuko wa jamii umnunulie mwanafunzi asiyeona mashine ya nukta nundu, wengi wetu tulikataa. Fedha zote hizo, kwa mtoto mmoja? Hakubishana. Alitusimulia habari za Louis Braille wa Ufaransa, aliyepofuka utotoni, na mwaka 1824, akiwa na miaka 15, akabuni maandishi ya nukta sita ya kusomwa kwa vidole. Baadaye naye akawa mwalimu.

Tukanunua, shingo upande. Kelele zake, jamani! Lakini mtoto yule sasa anasoma darasa moja na wenzake. Jumamosi iliyopita alituandikia majina yetu, akayasoma kwa vidole. Mama mmoja asiyejua kusoma akauliza, "Na mimi nitafundishwa lini?"