Kichwa Bapa cha Mtoto: Nenda Kliniki Mapema
Wazazi, mtoto alazwe chali. Ndivyo anavyolala salama. Lakini akilalia upande mmoja kila siku, kichwa chake kingali laini huweza kuwa bapa. Akiwa macho, alazwe kifudifudi huku akiangaliwa, na ageuzwe pande zote. Asikandwe kichwa wala kuwekewa mto. Wengi hupata nafuu hivyo, bila kofia maalumu.

Hata hivyo, apelekwe kliniki mapema. Mifupa ya fuvu ikiwa imeungana kabla ya wakati, huenda akahitaji upasuaji. Daktari akipendekeza kofia, mzazi achukue barua yake, aombe SHA au bima jibu la maandishi kabla ya kulipa. Baada ya mwaka mmoja, kofia husaidia kidogo sana.