Alilipa, Akajenga, Akaambiwa Ahame
Mhadhara wa umma kuhusu nafuu za mnunuzi wa ardhi nchini Kenya

Siku ya bodi, ofisi ya naibu kamishna wa kaunti hujaa watu mapema. Muuzaji huja na mkewe, pengine na wanawe waliokwisha kupata vitambulisho. Mnunuzi huketi benchi la nyuma akiwa na nakala ya hati miliki na fomu ya kuomba idhini. Zamu yao ifikapo, mwenyekiti humwacha muuzaji kwanza na kumgeukia mke: mama, unajua shamba linauzwa? Mtakaa wapi? Mama akikubali kwa kinywa chake mbele ya wazee, mhuri hugongwa, wanaitwa wengine.

Wanunuzi wengi wa mashamba hawajawahi kuketi kwenye benchi hilo. Waliandikiana kwa wakili au mbele ya chifu, pesa zikahesabiwa, wakaonyeshwa mawe ya mipaka, wakaingia. Walipanda mahindi, wakachimba kisima, wengine wakazika wazazi wao pale. Habari ya bodi iliachwa hadi salio likamilike, na salio lilipokamilika muuzaji akawa na safari, kisha ugonjwa, kisha msiba. Miaka inapita, bei ya ardhi inapanda. Halafu inakuja barua: mauzo yale hayakupata idhini, kwa hiyo ni batili, hama ndani ya siku kadhaa.

Mhadhara huu unamhusu mpokeaji wa barua hiyo.

Sheria inayotajwa katika barua ni Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967. Ilitungwa kwa nia njema. Inahusu ardhi ya kilimo, na bodi zake zilipewa kazi ya kuzuia mashamba yasikatwekatwe hadi yasiweze kulisha mtu, na kukataa bei ya kumpunja muuzaji. Kifungu cha 6 kinasema muamala wa ardhi ya kilimo usio na idhini ya bodi ni batili kwa kila hali. Kifungu cha 8 kinataka ombi la idhini lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mapatano, ingawa mahakama inaweza kuuongeza muda huo. Kifungu cha 22 kinafanya kuwa kosa la jinai kulipa au kupokea pesa, au kuingia na kukaa shambani, kwa ajili ya muamala uliokwisha kuwa batili.

Na mnunuzi? Kifungu cha 7 kinampa nafuu moja tu: pesa alizolipa ni deni, azidai.

Tuseme mtu alilipa shilingi 200,000 kwa ekari moja miaka 20 iliyopita, na leo ekari hiyohiyo inauzwa milioni 3. Kwa kifungu cha 7 pekee, anarudishiwa 200,000 zake. Hata mahakama ikiongeza riba, hazitamnunulia ekari nyingine mahali pale, sembuse kisima, miti na nyumba. Muuzaji anabaki na ardhi iliyolimwa na kujengwa kwa jasho la mwenzake, na thamani yote iliyopanda ni yake. Ngao iliyochongwa ili mjane asiuziwe shamba kisirisiri imekuwa panga mkononi mwa aliyekula pesa.

Kwa miongo kadhaa majaji waliisoma sheria hiyo neno kwa neno. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilipokea kesi ya wanunuzi 88 dhidi ya mwenye shamba mmoja. Aliwakatia viwanja, akapokea pesa zao, akawaacha waingie, kisha akasimama na kusema hakuna idhini. Majaji walimkatalia. Walisema mtu aliyepokea bei na kumweka mnunuzi ndani ya ardhi anaishika hati ile kama amana: jina katika rejista ni lake, lakini haki ni ya aliyelipa. Kila Mswahili anaelewa amana. Aliyewekewa mali ya mtu hawezi kuigeuza yake kwa sababu tu ufunguo uko mfukoni mwake.

Furaha haikudumu. Mwaka huohuo benchi jingine la mahakama hiyohiyo lilitoa uamuzi wa kinyume: Bunge limesema batili, na kanuni za usawa haziwezi kufufua kilichouawa na sheria. Kwa miaka minne majaji wa chini walikuwa na maamuzi mawili ya juu yanayopingana, na hatima ya mnunuzi ikategemea ni lipi jaji wake angelifuata. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani, ikiketi Eldoret, iliegemea upande wa amana. Ilikumbusha kwamba Katiba ya 2010, katika ibara ya 10, imeutaja usawa miongoni mwa maadili ya taifa, na jaji hawezi kuuweka kando anapoisoma Sheria ya Udhibiti wa Ardhi. Kisha Desemba 2023, katika kesi ya kampuni ya Mombasa Bricks & Tiles, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba fundisho la amana linatumika katika ardhi ya Kenya na linaweza kuishinda hati iliyosajiliwa. Kesi hiyo haikuwa ya idhini ya bodi, lakini mlango ilioufungua ni mpana.

Wakili asije akamwambia mteja, kwa sababu hiyo, aache kwenda bodi. Amana huthibitishwa kwa ushahidi. Mnunuzi atadaiwa risiti, mashahidi wa malipo, picha za nyumba, jirani atakayesema nani alilima pale na tangu lini. Aliyelipa taslimu chini ya mwembe bila karatasi anaanza kesi akiwa nyuma.

Karatasi yenyewe ina masharti yake. Tangu mwaka 2003, Sheria ya Mikataba inakataza kesi juu ya mkataba wa ardhi isipokuwa umeandikwa, umetiwa sahihi na pande zote, na kila sahihi imeshuhudiwa na mtu aliyekuwapo. Kabla ya hapo, mnunuzi aliyekwisha kuingia shambani aliweza kusimama hata juu ya mapatano ya mdomo. Kwa hiyo tarehe ya mauziano ndiyo swali la kwanza analopaswa kuulizwa mteja.

Mkataba ukiwa salama, iwe ni shamba la kijijini au nyumba ya mjini, nafuu kubwa kuliko zote ni amri ya kuutekeleza mkataba wenyewe: muuzaji ahamishe ardhi. Msingi wake ni kwamba hakuna vipande viwili vya ardhi vinavyofanana kikamilifu, hivyo pesa si badala ya kutosha. Lakini amri hii hutolewa kwa hiari ya jaji. Mdai lazima awe ametimiza upande wake, au aonyeshe salio liko tayari. Haitolewi dhidi ya muuzaji asiye na ardhi, na hukwama palipo na mke au mume ambaye hakuridhia mali ya ndoa kuuzwa. Ikishindikana, hubaki fidia. Kesi ya mkataba ina miaka 6 kabla ya muda kwisha.

Ipo pia njia ya miaka 12. Uamuzi wa mwaka 1984 wa Mahakama ya Rufani ulisema mnunuzi aliyekaa ndani ya ardhi huanza kuhesabiwa ukaaji wake dhidi ya mwenye hati tangu siku alipomaliza kulipa. Akifikisha miaka 12 bila kuondolewa, anaweza kuidai ardhi kwa ukaaji huo. Kwa wazee wengi waliokosa idhini, risiti ile ya mwisho iliyofungwa ndani ya kitambaa imeokoa boma zima.

Muuzaji naye ana haki zake, na si wote ni walaghai. Mnunuzi akilipa arbuni ya asilimia 10 kisha akapotea, masharti ya mauzo ya Chama cha Wanasheria cha Kenya yanaruhusu apewe notisi ya siku 21, na akishindwa, mkataba uvunjwe na arbuni isirudi.

Hukumu haina faida ikiwa shamba limekwisha kuuzwa kwa mwingine. Ndiyo maana hatua ya mapema kabisa ni kuweka tahadhari katika rejista, ile ambayo watu huiita kosheni. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 71, inamruhusu anayedai haki kwa mkataba kufanya hivyo. Ikishaandikwa, hakuna uhamisho unaopingana nayo utakaosajiliwa bila ridhaa ya aliyeiweka au amri ya mahakama. Zuio la muda nalo linafuata vigezo vya Giella dhidi ya Cassman Brown, kesi ya mwaka 1973: dai lenye uzito, madhara yasiyofidika kwa pesa, na jaji akiwa na shaka, apime nani ataumia zaidi.

Bado Bunge lina deni. Kifungu cha 6 kirekebishwe ili muuzaji aliyelipwa na kumweka mnunuzi ndani ya shamba asisikilizwe anapojitetea kwa ukosefu wa idhini ambayo yeye mwenyewe alikwepa kuiomba. Mke na watoto wabaki na haki yao kamili ya kupinga mbele ya bodi. Kuendelea kuwaachia majaji kazi hiyo ni kumlazimisha kila mnunuzi maskini afike Mahakama ya Rufani kudai kilicho chake.

Na muuzaji akikaidi hata baada ya hukumu? Kifungu cha 98 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai kinaruhusu mahakama kumteua mtu atie sahihi badala yake, na kwa kawaida ni naibu msajili. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 2 kwa shamba la nje ya mji, kisha hupeleka fomu kwenye ofisi ya ardhi. Pale ambapo rejista ingali ya karatasi, karani huitoa kadi ya kijani kwenye faili, hulipiga mstari jina la zamani, na kuandika jipya chini yake.