Kibarua wa Wakulima Wengi: Mageuzi ya Sheria za Kazi na Wachuma Chai wa Nyamira

Utangulizi

Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya semina ya maafisa wa kilimo, wakurugenzi wa viwanda vya chai na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, na waandalizi waliomba ieleze kwa jumla mageuzi ya sera ya kazi nchini Kenya na athari zake katika Kaunti ya Nyamira. Maelezo ya jumla yatakuwa mafupi, kwa kuwa washiriki wengi wanayafahamu. Sehemu kubwa itashughulikia suala moja, nalo ni hali ya mchuma chai anayefanya kazi mwaka mzima katika mashamba ya wakulima wadogo ilhali kisheria hana mtu anayehesabiwa kuwa mwajiri wake wa kudumu.

Istilahi

Sera ya kazi ni mwongozo wa serikali kuhusu ajira, ujira, usalama kazini na mahusiano kati ya waajiri na wafanyakazi. Kibarua, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2007, ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kazi ya kipimo ni ile ambayo malipo yake hufuata kiasi kilichofanywa, kama vile kilo za majani mabichi, bila kujali saa zilizotumika. Mkulima mdogo ni mwenye shamba lake mwenyewe anayepeleka majani katika kiwanda kinachosimamiwa chini ya KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, mfano Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Gianchore, Nyankoba au Nyansiongo.

Usuli wa mageuzi

Mageuzi ya sheria za kazi nchini yamekuja kwa vipindi. Chama cha Labour kilipotwaa serikali ya Uingereza mwaka wa 1945 chini ya Clement Attlee, wizara ya makoloni ilianza kuhimiza kuundwa kwa vyama vya wafanyakazi, na mwaka wa 1947 James Patrick, mwanachama wa vyama vya wafanyakazi kutoka Scotland, alitumwa Kenya kushauri jinsi vitakavyoendeshwa. Ushauri huo ulikuja na mipaka yake, kwani vyama vilivyokubalika ni vile vilivyojitenga na siasa, na Makhan Singh, aliyeunganisha madai ya ujira na madai ya uhuru, alikamatwa mwaka wa 1950 na hakuachiliwa hadi 1961. Mwaka wa 1962, Tom Mboya akiwa Waziri wa Kazi, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi vilitia sahihi Mkataba wa Mahusiano ya Viwandani, na mwaka wa 1965 shirikisho la vyama hivyo, COTU, likaundwa.

Kipindi kinachoihusu semina hii zaidi ni kile cha serikali ya Rais Mwai Kibaki. Mwaka wa 2007 Bunge lilipitisha sheria tano kwa pamoja: ya Ajira, ya Mahusiano ya Kazi, ya Taasisi za Kazi, ya Usalama na Afya Kazini, na ya Fidia kwa Majeraha Kazini. Katiba ya 2010 iliziimarisha kwa Kifungu cha 41, kinachompa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa katika mambo ya kazi. Kwa mfanyakazi wa kiwandani, wa ofisini na wa shamba kubwa, sheria hizi zilileta nafuu ya kweli, na si haki kuzibeza.

Mchuma chai na sheria isiyomfikia

Tatizo liko katika Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira. Kifungu hiki kinaeleza kuwa kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotarajiwa kumalizika kabla ya siku za kazi zinazofikia jumla ya miezi mitatu, mkataba wake huhesabiwa kuwa wa kila mwezi. Na akiendelea kwa miezi miwili au zaidi anastahili masharti yale yale ambayo angeyapata lau hangeajiriwa kama kibarua tangu mwanzo. Ni kifungu kizuri, na katika mashamba makubwa ya Kericho na Sotik kina mahali pa kushika, kwa kuwa mwajiri ni mmoja, lango ni moja na rejista ni moja.

Katika Nyamira hakuna lango. Chai huchumwa kwa mzunguko wa siku 7 hadi 14, kutegemea mvua na hali ya kichaka, na shamba la mkulima mdogo humalizwa kwa siku moja au mbili tu. Kwa hiyo mchumaji huwa kwa mkulima mmoja Jumatatu, kwa jirani yake Jumanne, ng'ambo ya mto Jumatano, kisha hurudi kwa yule wa kwanza majani yanapokuwa tayari tena. Mwisho wa mwaka amefanya kazi karibu kila siku ambayo chai ilichumwa kijijini, lakini hakuna mkulima hata mmoja ambaye amemfanyia siku mfululizo zinazofika mwezi. Hoja ya kazi isiyomalizika ndani ya miezi mitatu nayo ni ngumu kuithibitisha, kwa kuwa kila mkulima atasema, na kwa haki yake, kwamba alimwita kwa siku ile moja. Kazi ni ya kudumu, ila mwajiri si wa kudumu, na sheria ilitungwa kana kwamba mambo haya mawili hayawezi kutengana.

Hali hii huonekana wazi kituoni, mahali pa kupimia chai. Mchumaji hufika na kikapu au gunia mgongoni, kipande cha plastiki kimefungwa kiunoni kuzuia umande na matawi yasimchane nguo. Karani hukagua kama majani ni mawili na chipukizi, hupima, kisha mashine hutoa risiti yenye uzito na namba ya mkulima. Hapo ndipo kumbukumbu rasmi ya kazi ya siku nzima inapokamilika, na jina la aliyechuma halimo. Hesabu ya mchumaji hubaki katika daftari la shule linalowekwa na mkulima, au kichwani mwake mwenyewe, na siku ugomvi unapotokea juu ya kilo za wiki iliyopita, karatasi iliyopo ni ya upande mmoja.

Sheria ya Ajira, katika Kifungu cha 10, humtaka mwajiri aonyeshe maandishi ya masharti ya kazi pale kesi inapofunguliwa, na akikosa, mzigo wa kuthibitisha humwangukia yeye. Kinga hiyo haimsaidii mchumaji asiyejua amshtaki mkulima yupi kati ya wote aliowachumia. Sheria ya Mahusiano ya Kazi nayo humlazimu mwajiri kukitambua chama kilichosajili wengi wa wafanyakazi wake wanaoruhusiwa kujiunga, sharti lisiloweza kutimizwa pale ambapo mwajiri ana wachumaji watatu leo na keshokutwa hana yeyote. Mchumaji akiteleza kwenye mteremko wa Manga akiwa na mzigo na kuvunjika mguu, Sheria ya Fidia inamhitaji mwajiri mwenye bima, na mkulima wa nusu ekari hana. Bima ya afya ya jamii, iliyoanza Oktoba 2024, humkata mwenye mshahara asilimia 2.75 kila mwezi bila yeye kuhangaika, ilhali asiye na mshahara alitakiwa tangu mwanzo kutafuta mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo.

Ni lazima isemwe kwa uwazi kwamba mkulima mdogo si adui katika jambo hili. Yeye mwenyewe husubiri malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka, na bei yake huamuliwa mbali naye, katika mnada wa Mombasa. Kumtwika peke yake wajibu wote wa mwajiri ni kumfanya aache kuita wachumaji, arudie kuwatumia watoto wake wakati wa likizo au anunue mashine ya kuchumia, na vibarua wakose hata hicho kidogo.

Kinachotatiza zaidi ni mgawanyo wa madaraka. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kilimo ni jukumu la kaunti, na viwango vya kazi ni jukumu la serikali ya kitaifa. Afisa wa kilimo hufika shambani, humwona mchumaji, hana mamlaka ya kuuliza juu ya ujira wake. Afisa wa kazi ana mamlaka hayo lakini hafiki shambani, kwa kuwa eneo ni kubwa na ofisi haina watu. Suala hili limeletwa katika semina nyingi kabla ya hii, likapokelewa kwa heshima, likaandikwa kwenye kumbukumbu na kuelekezwa kwa "ofisi husika". Kwa taadhima yote kwa ofisi hizo, wachumaji wamezeeka wakingoja.

Mapendekezo

Inapendekezwa kwamba risiti ya kituoni ibebe namba mbili, ya mkulima na ya mchumaji. Mashine zipo, makarani wapo, na gharama ya kuongeza sehemu moja katika programu haiwezi kulinganishwa na faida yake. Pendekezo hili linawekwa mbele kwa sababu mengine yote yanalitegemea.

Kifungu cha 37 kirekebishwe ili siku za kazi zijumlishwe kwa kiwanda ambako majani hupelekwa, si kwa mkulima mmoja mmoja, na kiwanda kihesabiwe kuwa mwajiri mshirika kwa madhumuni ya bima ya majeraha, hifadhi ya uzeeni na bima ya afya. Makato yafanywe kidogo kidogo kwa kila kilo, kutoka kwa malipo yanayopitia kiwandani, ili mchumaji asidaiwe mchango wa mwaka kwa mkupuo.

Baraza la Mishahara ya Kilimo liweke kima cha chini cha malipo kwa kilo ya majani mabichi. Amri ya mishahara hutaja kima cha mwezi na cha siku, na nyongeza ya asilimia 6 iliyoanza Novemba 2024 haikuwa na njia ya kumfikia anayelipwa kwa kilo. Kima hicho kiambatanishwe na bei anayolipwa mkulima, ili kipande na kushuka pamoja nayo bila kwenda chini ya kiwango fulani.

Serikali ya Kaunti ya Nyamira iombe, kwa kutumia Kifungu cha 187 cha Katiba, kukabidhiwa sehemu ya ukaguzi wa kazi katika mashamba madogo, pamoja na fedha zake, kwani jukumu lisilo na fedha litarudisha mambo pale pale. Wakati makubaliano hayo yakisubiriwa, maafisa wa kilimo wapewe mafunzo ya kutambua ajira ya watoto na ujira usiolipwa, na fomu ya kumjulisha afisa wa kazi.

Vyama vya wafanyakazi navyo vikubali kusajili wachumaji kwa kituo badala ya kwa mwajiri, na sharti la wingi katika Sheria ya Mahusiano ya Kazi lilegezwe kwa ajili yao. Usajili huo hautawezekana bila orodha, na orodha haitapatikana bila namba ya mchumaji katika risiti. Kwa hiyo wakurugenzi wa viwanda walioko katika semina hii wanaombwa kuanza na kituo kimoja kimoja katika kila kiwanda kabla ya bonasi ijayo, hatua ambayo haihitaji Bunge wala amri ya waziri yeyote.