Shilingi ya Kila Siku: Hotuba ya Katibu



Katika siku hii ya kutimiza miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, twaomba tuzungumze juu ya matumizi ya fedha. Mara nyingi sisi wa shamba huwacheka watoto wetu waishio Dar es Salaam, tukisema wanafuja fedha kwa kununua mafuta kwa kipimo, mkaa kwa kopo na unga kwa robo. Lakini sivyo. Apataye ujira wa kutwa hawezi kununua dumu zima. Hununua chakula cha leo, na kesho humwachia Mungu.

Hata hivyo, kidogo kidogo ni ghali. Tuseme kila kipimo cha mafuta kimezidi bei ya dumu kwa shilingi 50. Anunuaye kipimo kimoja kila siku atapoteza shilingi 18,250 kwa mwaka, wala hakuziona zikitoka. Akikosa kazi hukopa dukani; na mwenye deni hana sauti ya kuuliza bei wala mizani.

Kinachowasimamisha watu hao ni umoja. Akina mama hucheza upatu: kila mmoja hutoa sehemu yake, na jumla humwendea mmoja kwa zamu. Fungu hilo hulipa kodi ya chumba, hununua sare za shule, au gunia zima la mchele.

Hekima hiyo ndiyo asili ya ushirika. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, wafumaji na mafundi 28 walichanga pauni moja moja, wakafungua duka. Waliuza unga, siagi na sukari kwa fedha taslimu na kwa mizani ya haki. Ziada wakagawana kwa kadiri ya manunuzi ya kila mtu.

Nasi tusijisifu. Wangapi kati yetu hula mavuno kabla ya kuvuna, kwa kuandikwa katika daftari la mwenye duka? Hata sisi viongozi tumo. Kwa hiyo twaleta ombi: malipo ya msimu huu yatakapotoka, kila chama cha msingi kitenge fungu la kununulia kwa pamoja chumvi, sukari na sabuni, wauziwe wanachama bila mkopo. Na asikopeshwe kiongozi yeyote, hata sisi tusemao.

Haba na haba hujaza kibaba; basi na tuhakikishe kibaba hicho ni chetu.