Vitamini A na Dawa Nyingine

Ndizi zetu za kupika hushibisha, lakini vitamini A yake ni haba. Ndiyo maana kina mama wa Bukoba na Muleba hupeleka watoto kupata matone, Juni na Desemba. Aliyetimiza mwaka hupewa na dawa ya minyoo papo hapo, wala havigombani.

Wanaojitafutia balaa ni sisi wakubwa. Mtu anameza tetrasaiklini ya chunusi, kisha anajiongezea vidonge vya vitamini A ili ngozi ing'ae! Viwili hivyo pamoja vyaweza kupandisha shinikizo ndani ya fuvu: kichwa chauma mno, macho yaona ukungu. Naye mjamzito akizidisha vitamini hiyo, mtoto aweza kuumbika vibaya tumboni. Muuzaji dawa asipokuuliza unameza nini kingine, mwambie wewe.